Nailoni ya Shekuwe

Tangu anunue gari, Shekuwe hakuwahi kuondoa nailoni kwenye viti vyake vya ngozi. Rangi aliing'arisha kila asubuhi, na jirani akiliegemea tu, alifukuzwa kama kuku.

Siku moja alimfuata hospitalini binti yake, Mwanaidi, aliyejifungua. Mwanaidi alipokaa tu garini na mtoto, nailoni ikalia chakara-chakara, kichanga kikaangua kilio.

"Baba, nailoni yako inamtisha mjukuu wako!"

Shekuwe akaichana yote, mbele hadi nyuma. Mtoto akanyamaza. Halafu mkojo ukapenya winda, ukatiririka kwenye ngozi.

"Yallah! Baba, kiti chako!"

"Kitakauka," alisema Shekuwe, akicheka. Akatoa kitambaa laini cha kung'arishia gari, ambacho hata mkewe hakuthubutu kukigusa, akaanza kumpangusa mjukuu miguu, kidole kimoja kimoja.