Mvinyo Usiopenda Joto

Hebu niambie, wewe ungekubali kubeba mzigo wa mtu uliokatazwa hata kuunusa? Mwinshehe alikubali. Akaubeba kiangazi kizima, mpaka siku wasiwasi ulipomzidi akachukua kisu.

Miaka ile biashara ndiyo kwanza imeachiwa, na kila aliyebahatika kupata gari aliliingiza barabarani. Mgeta, kule milimani, ikajaa malori. Yalifukuzana kuteremsha kabichi na karoti mjini Morogoro, maana linalotangulia sokoni ndilo linalowakuta wanunuzi. Mwinshehe alikuwa na lori kuukuu alilochangiwa na ndugu zake wa Kisaki. Aliyemkosesha usingizi ni dereva mwenzake, Petro, aliyekata kona za mlimani kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Ndipo Bibi Eufrazia wa Nyandira alipomletea tenga. Ndani mlikuwa na chupa zilizosimamishwa kwenye nyasi, zimezibwa kwa magunzi. Juu yake gunia bichi la maji, limefungwa kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo.

"Mvinyo wa matunda ya plamsi," alisema. "Unakwenda kwa masista wa mjini. Uweke mbele, hapo ubavuni kwako, wala usiufungue hata kuunusa. Huku kwetu kwenye baridi hauna neno, ila ukilikuta joto la Mlali kule bondeni unaamka, na ukitikiswa unarusha vizibo. Kwa hiyo ondoka mapema, kabla jua halijakomaa. Penye kijito usimame, uloweshe gunia. Na kwenye kona, mjukuu wangu, ukisikia chupa zinagongana ujue umekwenda mbio."

"Na ikipasuka moja?"

"Kabichi za ukoo wetu zinahamia kwa Petro."

Bibi hakuwa anatania. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na katika ukoo ule yeye akishasema, wanawake wa kilima kizima hujitwisha matenga yao wakafuata. Mwinshehe akatii.

Akawa anaendesha sikio likiwa kwenye tenga. Chupa zikilia kidogo tu, mguu uko kwenye breki. Penye kijito anashuka na kopo lake, anamwagia gunia taratibu kama anayemwogesha mtoto. Wanawake waliokaa juu ya shehena nao hushuka kunyoosha miguu, pamoja na Kristina, kitindamimba wa bibi, ambaye ndiye hukabidhiwa tenga wakifika mjini alipeleke kwa masista. Petro akiwapita hupunga mkono dirishani.

"Vipi, Mwinshehe, leo umebeba bibi harusi?"

Huko juu wanawake hucheka. Mwinshehe humeza hasira pamoja na vumbi.

Lakini mambo yakaanza kumkereketa, moja baada ya jingine. Yeye mtoto wa Kiislamu hakuujua mvinyo, ila alijua kwamba pombe haikosi harufu, na tenga lile halikunukia kitu. Chupa alizorudi nazo Kristina jioni hiyo hiyo zilikuwa zile zile, tupu, hata ile iliyomeguka mdomo. Tena siku moja alichungulia uani kwa bibi, akaona mti mmoja tu wa plamsi, nao umesimama mtupu kama ufagio.

Basi sokoni akakutana na sista anachagua karoti.

"Tumsifu, Sista," akamwamkia kama alivyosikia wenyeji wakifanya. "Mvinyo wetu wa Mgeta mnauonaje?"

Sista akamtazama juu mpaka chini. "Wa kwetu unatoka Dodoma, kaka. Wa Mgeta hatujawahi kuletewa."

Pale kizuizini kabla ya mjini polisi walikuwa wanasaka gongo, na gari likikutwa nayo hulala kituoni. Kichwani akaliona lori la ndugu zake limeota nyasi uani kwa polisi, matairi yamenywea. Kumbe! Bibi mzima, na rozari shingoni, amempakiza gongo, akaizima harufu kwa gunia la maji.

Safari iliyofuata alimkuta bibi amekwisha kufika barabarani na tenga lake. Wanawake walikuwa wameshapanda juu ya kabichi, wamejifunika khanga kwa baridi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo jua litachoma. Gunia nimelilowesha mara mbili."

Mwinshehe alilipokea tenga, akaliweka chini, akatoa kisu na kukata mafundo yote. Bibi hakumzuia. Mwinshehe akang'oa gunzi, akampa chupa Mikaeli mpakiaji, mtu ambaye kwenye vinywaji hakuwa na ubaguzi.

"Onja. Uniambie gongo hii imepikwa wapi."

Mikaeli akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akameza. Akapiga la pili, uso umemkunjamana.

"Maji," alisema kwa masikitiko. "Ya kijitoni. Yametiwa maua ya choya, ndiyo maana mekundu."

Mwinshehe akafungua ya pili, akanusa, akamimina kiganjani. Akafungua ya tatu. Kisha akamgeukia bibi.

"Kiangazi kizima, Bibi. Nimekwenda kama kinyonga, Petro ananicheka mbele za watu. Kumbe nabembeleza maji?"

Bibi Eufrazia akajifunga khanga yake upya, bila haraka. Akainua macho kule juu ya kabichi alikokaa binti yake na wenzake, kila mmoja ameshika kamba.

"Ninyi madereva watu hamuwapunguzii mwendo," alisema. "Nilitaka Kristina wangu afike."