Samaki wa Kambi ya Jirani

Lyle aliporudi kutoka bombani kuteka maji, kiti cha mkewe mbele ya hema kilikuwa kitupu. Hakulitua hata dumu la maji. Alifuata nyayo zake mchangani, kandokando ya ziwa, mpaka kwenye kambi ya majirani.

Alimkuta ameketi kando ya moto wa watu asiowajua, mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine umelowa hadi gotini, naye anacheka. Tangu ugonjwa uanze kumfutia kumbukumbu, Lyle hakuwa amekisikia kicheko kile.

"Karibu, mzee!" aliita kijana aliyekuwa akikaanga samaki. "Bibi huyu ni wa kwenu?"

Mkewe alimtazama Lyle kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu? Simjui," alisema. "Lakini kakonda, maskini. Mpeni samaki."

Watu wakaangua kicheko. Kijana alisita, kisha akainamia kikaango chake.

Lyle alingoja kifua kimuume. Hakikumuuma. Alichohisi ni mshikio wa dumu la maji tu, unavyomkata vidole. Akalitua, akapokea sahani, akaketi kwenye gogo kando ya mkewe. Alichambua miiba taratibu, akamwekea minofu kiganjani kama alivyozoea kumfanyia, naye akaila bila kushangaa.

"Ahsante, baba. Na wewe huku umekuja na nani?"

Lyle alilamba chumvi kidoleni.

"Nimekuja peke yangu," alisema. "Hebu sogea kidogo, bibi, moshi unanifuata."