Haleluya ya Bi Kanga

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Hata mimi niliapishwa, kwa hiyo sogea nikwambie.

Kwaya ya akina mama ndege ilirudi studio baada ya miaka mingi. Bi Kanga, mwimbishaji wao, sauti ilikuwa imemkauka, na hakuwa tayari kumwachia Bata nafasi yake. Ajabu, siku hiyo aliimba kama msichana.

"Shoga, umekunywa nini?" Bata aliuliza, kapigwa na butwaa.

"Maombi tu," Kanga akakwaruza.

Ikafika haleluya, na desturi yao ni kuinua mabawa yote mawili. Kanga akajisahau, akainua.

Chiriku akadondoka kutoka kwapani mwake na kuendelea kuimba pale sakafuni, huku wote wakimkodolea macho Kanga, mdomo wake wazi bila sauti.