Udongo wa Lusajo

Siku Lusajo alipofariki, miti ya mierebi, inayochomwa kuzalisha umeme, ilikuwa imekatwa siku mbili kabla, na shamba lote lilinukia mvua. Tusekile, mkewe, alitaka alazwe nyuma ya jiko, walipolala wazazi wa mumewe. Lakini sheria ilijulikana kwa kila mtu: udongo ukipimwa ukaonekana umeshiba rutuba, jembe haliugusi tena, hata kwa kaburi.

Afisa wa udongo alichomeka fimbo yake ardhini, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Umeshiba mno. Ungekuwa mbovu ningekuruhusu."

"Ulikuwa mbovu, mwanangu. Mgumu kama tofali. Miaka kumi na minane mzee huyu anaurudishia majani, nyungunyungu anawaita wajukuu zake, na sisi tunamcheka."

"Basi ameuponya."

"Na sasa haumpokei."

Afisa alivua kofia.

Wakamzika mjini, kwenye makaburi ya wote, katika udongo mwekundu uliopasukapasuka. Kando yake iliachwa nafasi ya Tusekile.

Tangu hapo, kila Jumamosi Tusekile hujaza gunia majani ya mierebi, hupanda basi la kwanza, akayatandaza juu ya kaburi na kuyamwagia maji, kama alivyozoea kufanya mumewe. Wiki iliyopita alichokoa kwa kidole, akakuta nyungunyungu mmoja. Alicheka peke yake. Kisha akamfukia upesi, akiangalia huku na huku.

Mwakani maafisa wa udongo wanaanza kupima na makaburini.