Somo la Kukataa

Jioni hiyo vibarua walifika na vumbi la saruji kwenye kope, na wawili wakasinzia hata kabla ya salamu. Bi Sikudhani, aliyewafundisha Kiingereza bure kibarazani kwake, hakuwaamsha. Yeye mwenyewe miguu ilikuwa ikimwaka moto.

Alimwita Nduwayo mbele. Kesho msimamizi, asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza, angempandisha kwenye jukwaa lile bovu la ujenzi lililomwangusha mwenzake.

"Akikwambia panda, utamjibuje?"

"Yes, bosi."

"Weee! Jana tulisemaje?"

"Mama, kwetu mtu hamkatalii mkubwa wake."

"Haya, leo bosi ni mimi. Shika."

Akampa tofali. Akampa la pili, la tatu, la nne, na kila mara alimwuliza kwa Kiingereza kama aongeze.

"Yes, mama," alijibu Nduwayo kwa adabu, macho chini.

"Mwongezee na kinu, Bibi!" wenzake walicheka. "Huyo punda wa msimamizi!"

Mikono ya Nduwayo ilianza kushuka kwa uzito. Ya Bi Sikudhani ilichoka zaidi, maana kila tofali alikuwa akiliinamia na kuliinua yeye. Aliokota jingine, likamshinda kulifikisha juu, akabaki amelikumbatia kifuani huku anahema.

"Niongeze?"

Nduwayo aliinua macho, akamtazama bibi huyo usoni kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale. "No, mama," alisema.