Beti Sita za Harusi

Umewahi kuona shairi likigeuka uji? Bi Zuwena alishuhudia lake. Beti sita za harusi ya mjukuu wake zilitumwa kutoka simu ya bintiye zikiwa zimepangika kama shanga. Kompyuta ya duka la uchapaji ikazimwaga zote zikawa fungu moja refu.

"Mashine imeunganisha mistari yote, bibi," alisema Asya, mchapaji. "Nighanie, nijue nikate wapi. Msomaji mliyemkodi aghani harusini yuko njiani kuichukua karatasi."

Bi Zuwena akasafisha koo, akaghani. Kila alipovuta pumzi, Asya alibonyeza, mstari ukashuka. Wateja wakaacha fotokopi zao.

"Hewala, bibi! Tena!"

Msomaji akafika, akanyoosha mkono. Bi Zuwena akaikumbatia karatasi, ingali na moto wa mashine.

"Mwanangu, wewe njoo ule pilau. Kughani, nataka nighani mwenyewe."