Milima ya Gesti

Vumilia alikuwa juu ya ngazi, akichora milima kwenye ukuta wa gesti moja Nyahanga. Ya mbele aliipaka kijani kibichi. Ya nyuma aliififisha kwa buluu na nyeupe, mpaka ukuta ukaonekana hauna mwisho.

Shemeji yake akaingia, matope hadi magotini.

"Mmemtoa?" Vumilia aliuliza. Duara, shimo la machimbo, lilikuwa limemfukia mumewe juzi, akichimba dhahabu.

"Udongo unazidi kushuka, shemeji. Mwenye duara amesema tuache."

"Lakini jana mlisikia anagonga mwamba!"

Shemeji akainamisha kichwa. "Hata sasa anagonga."

Buluu ilimchuruzika Vumilia kutoka kwenye brashi hadi kiwikoni. Akashuka ngazi, akatoka mbio bila viatu kuelekea kwenye duara. Shemeji hakuthubutu kumfuata.